Mota mbili, propela zipi? Soma kabla ya kulipa

Malalamiko yanayonifikia ni yale yale: mtu kaagiza propela za tagi lake la rimoti (mfano mdogo wa boti ya kuvuta meli) lenye mota mbili, kifurushi kimefika, na zote zina mpindo mmoja. Tangazo liliandika "jozi". Viatu viwili vya kushoto navyo ni jozi?

Kipenyo na idadi ya mapanga sigusi, kila duka huandika. Tuzungumzie mwelekeo.

Nafasi ya kwanza naipa kuzungukia nje. Simama nyuma ya tezi (upande wa nyuma wa boti) ukitazama omo (upande wa mbele): boti ikienda mbele, propela ya kulia izunguke kisaa, ya kushoto kinyume chake. Ukiipeleka mota moja mbele na nyingine nyuma, propela nazo husukuma tezi kando, na msukumo huo unakusaidia kugeuka papo hapo. Ya pili, zote upande mmoja: boti huenda mshazari kidogo, na hugeuka kwa wepesi upande mmoja tu. Kuzungukia ndani, yaani kinyume cha ile ya kwanza, naweka mwisho kwa tagi, maana ule msukumo wa kando sasa unakupinga.

Lakini kitu ambacho hakuna anayekutajia ni nyuzi za shafti, yaani michirizi ya skrubu inayoshika propela. Shafti za M4 (nyuzi za kipenyo cha milimita 4) kwa kawaida zina nyuzi za kulia, yaani za kukaza kisaa, zote mbili. Propela ya kushoto ikienda mbele hujikaza yenyewe. Ya kulia hujifungua: shafti inazunguka kisaa, maji yanaizuia propela, nayo inafunguka taratibu hadi izame bwawani na hela yako. Hiyo ifungwe kwa nati inayokazwa dhidi ya kitovu chake. Na ya kushoto vilevile, maana ukirudi nyuma zamu ni yake.

Sifichi: mimi ni wa Raboesch, Waholanzi wanaotengeneza propela za boti za mfano. Shaba njano, na za kulia na za kushoto zinauzwa kila moja peke yake, kwa hiyo unajua unalipia nini. Za plastiki ni za majaribio, basi.

Bei zinauma, na ya kushoto ndiyo kila mara "imeisha". Muuzaji mmoja alimjibu msomaji wangu abadilishe tu nyaya za mota! Propela ya kulia ukiizungusha kinyume inakurudisha nyuma, haiwi ya kushoto. Na gharama ya kurudisha mzigo? Ya mnunuzi. Mwandikie kwanza: moja kulia, moja kushoto. Asipojibu, usilipe.