Raspberry Pi 4 kwenye shamba la zabibu: uzoefu wangu wa kugusa rejista zake

Nimekaa na Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye RAM ya GB 2 msimu mzima sasa, nimeifunga shambani kwa mjomba kule Mpunguzi, Dodoma, inafungua na kufunga valvu ya maji ya matone kwenye zabibu. Wengi wanaisifia kwa kuangalia video na kujifunza Python, mi niliinunua nijifunze kuandika draiva (programu inayoendesha kifaa), kugusa rejista za hadiwea (vijisehemu ndani ya chip vya kukidhibiti kifaa) kwa mkono wangu, kwa hiyo naiongelea kwa upande huo tu.

Kwa kujifunza ni nzuri sana aisee. Kitabu cha rejista cha chip yake, BCM2711, kinapatikana bure, sasa kisome kuanzia mwanzo maana mi niliruka kurasa za kwanza nikaenda moja kwa moja kwenye GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara), nikakuta anwani 0x7E200000, nikaiweka kwenye moduli yangu (kodi inayopakiwa ndani ya kerneli, kiini cha Linux). Kumbe hiyo ni anwani ya upande wa basi (njia ya data ndani ya chip), prosesa yenyewe kwa kawaida inaiona GPIO kwenye 0xFE200000. Kwenye bodi ya GB 2 ile niliyoweka mimi inaangukia ndani ya RAM ya kawaida kabisa, ioremap (kazi ya kerneli inayokupa pointa ya kufikia kifaa) ikakataa ikarudisha NULL, yaani pointa tupu, nami sikuwa nimekagua jibu, nikaandika hivyo hivyo, kerneli ikapiga oops (ripoti yake ya kosa kubwa). Kagua NULL kila mara jamani. Na ukitoka Pi 3 usibebe 0x3F200000 yako, huku haipo.

Lakini kilichoniuma zaidi ni tenki. Mwanzo nilikuwa nje ya kerneli, natumia mmap kwenye /dev/gpiomem (inaipa programu ya kawaida njia ya kufikia rejista za GPIO), programu inazunguka kwenye lupu inasoma GPLEV0 (rejista ya hali ya pini, iko hatua 0x34 kutoka mwanzo wa GPIO) kusubiri swichi ya boya iseme tenki limejaa ndio izime pampu. Nyumbani Nkuhungu nilijaribu mezani ikafanya kazi safi. Shambani nikakompail na -O2 (kompaila iongeze kasi ya programu), ikawaka, tukaenda kupogoa, kurudi maji yanamwagika mpaka kwenye njia. Dodoma hii, kiangazi, maji ya kununua! Mjomba hakusema neno, aliinama akafunga koki.

Sababu ni kwamba pointa yangu haikuwa na volatile (neno la C la kuiambia kompaila isome upya kila mara). Kompaila ilikuwa inaona namba imekaa kwenye memori, hakuna mstari wowote kwenye lupu unaoibadilisha, kwa hiyo ikaisoma mara moja tu nje ya lupu halafu ikawa inaangalia nakala yake milele, na kwa sheria za C haikukosea. Haijui kwamba nyuma ya ile anwani kuna waya na boya, sio RAM. Ndani ya kerneli hata volatile usihangaike nayo, tumia readl na writel (kazi za kerneli za kusoma na kuandika rejista), zinalazimisha kila usomaji na uandishi ufanyike kweli na zinalinda mpangilio wake, halafu pointa iwe na __iomem (alama kwamba ni ya kifaa), ukikompail na make C=1 sparse, kikagua kodi, inakupigia kelele pale ulipoisoma kama pointa ya kawaida. Mi ilinikamatia sehemu mbili.

Kitu kingine nilichokipenda ni GPSET0 na GPCLR0, rejista za kuwasha na kuzima pini. Unaandika 1 kwenye biti ya pini yako tu, zile sifuri hazigusi mtu, hivyo huhitaji kusoma kwanza. GPFSEL1, ya kuchagua kazi ya pini, ndio ya kuogopa, imebeba pini 10 hadi 19 kila moja na biti 3, kubadilisha pini 17 lazima usome, ubadilishe biti 21 hadi 23, uandike, na prosesa ina kori 4, kori mbili zikifanya kwa pamoja moja inafuta kazi ya mwenzake. Hapo weka spinloki (kufuli inayoruhusu kori moja tu kwa wakati).

Nilipoanza kuiomba kerneli eneo la rejista za GPIO kwa request_mem_region nikagomewa, eti lina mwenyewe. Fungua /proc/iomem kwa sudo utaona fe200000 imeshikwa na draiva ya pini ya kerneli. Kuna watu wanaruka hiyo hatua wanafanya ioremap tu, na inakubali, mi nimefanya hivyo mezani kujifunza lakini shambani sithubutu. Moduli yangu ya sasa inaomba pini kwa gpiod_get (inapitia draiva hiyo ya kerneli), rejista anagusa mwenye nazo.

Angalizo kwa mnunuzi: pini ni volti 3.3, usizipe 5 hata sekunde. GB 2 zinatosha kabisa kwa draiva. Na boya la tenki nimelipitisha pia kwenye waya wa rilei yenyewe (swichi ya umeme ya pampu), tenki likijaa pampu inakata hata kama kerneli imeganda.