E6B ya mkono: kidirisha kidogo cha kuulizwa kabla ndege haijaondoka milimani

Ajali za ndege ndogo kwenye viwanja vya juu hufanana sana. Mchana wa jua kali, matangi yamejaa, viti vyote vina watu, na njia ya kurukia inaonekana ndefu ya kutosha. Ndege inanyanyuka, inaelea futi chache juu ya ardhi, kisha haipandi tena, na miti iko mbele. E6B, sahani ya mkononi ya kuzungusha ambayo marubani hukokotolea, iliyobuniwa na Mmarekani Philip Dalton miaka ya 1930, ina kidirisha kinachotoa onyo hilo kabla injini haijawashwa. Kwa kazi hiyo ni kifaa bora, mradi kisomwe kwa makini.

Weka altimita (kipima kimo cha ndege) kwenye hektopaskali 1013, mgandamizo wa kawaida wa hewa, usome kimo inachoonyesha, kiitwacho kimo cha mgandamizo. Zungusha sahani mpaka halijoto ya nje ikutane na kimo hicho kwenye dirisha la kulia. Mshale wa katikati utaonyesha kimo cha msongamano, yaani kimo ambacho mbawa, propela na injini vitafanya kazi kana kwamba viko huko. Kwa kimo cha futi 6,000 na joto la nyuzi 30 za Selsiasi, mshale hukaa juu kidogo ya 9,000. Hakikisha kwa kichwa: halijoto ya kawaida pale ni nyuzi 3 (15, ukipunguza 2 kwa kila futi 1,000), ziada ni 27, zidisha kwa 120, jumlisha 6,000, unapata 9,240.

Mtego mkubwa uko kwenye skeli ya joto. Nyuzi za juu na za chini ya sifuri zimebanana kwenye tao moja fupi, na alama ya kutoa ni kistari chembamba kama unywele. Ukiweka −30 badala ya 30, mshale utasimama karibu na 2,000, nawe utaona mambo shwari kabisa. Siku ya joto, jibu lililo chini ya kimo cha uwanja ni kosa la kusoma. Wengine hutumia dirisha la kushoto, ambalo ni la kurekebisha kimo na linafanana mno na hilo la kulia. Wengine huacha altimita kwenye mgandamizo wa siku. Ukiwa 1003, umepunja karibu futi 300. Unyevu nao sahani haiuhesabu kabisa, na hewa yenye joto na mvuke huongeza futi mia kadhaa.

Upungufu wake mwingine ni kwamba inakupa kimo tu, haisemi njia itatosha. Kwa 9,240, injini ya nguvu farasi 160 isiyo na tabo (kisukuma hewa ndani ya injini) hubaki na takribani 115 hadi 120. Kipimamwendo kikionyesha noti 55 (maili za baharini kwa saa), mwendo halisi ni kama 63, na nishati ya kukusanya ardhini imezidi kwa karibu theluthi moja. Kwa hiyo lazima ufungue kitabu cha ndege, kisha uongeze: mamlaka ya anga ya Uingereza hushauri uzito ukizidi kwa asilimia 10 uhesabu umbali zaidi kwa asilimia 20, nyasi kavu asilimia 20 nyingine, halafu jumla uizidishe kwa 1.33. Mafuta katika mchanganyiko wa mafuta na hewa nayo yapunguzwe kwa namna kitabu kinavyoelekeza. Mchanganyiko ukiachwa mzito, yaani wenye mafuta mengi mno, unakula nguvu ile ndogo iliyobaki. Na kama katikati ya njia hujafikia asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyuka, ondoa nguvu ya injini usimame.

Toleo la kielektroniki huondoa makosa ya kusoma, lakini betri huisha, na ukiliingizia namba mbovu halitashtuka. Kati ya sahani zenyewe, chukua ya alumini. Ya plastiki ikiachwa juu ya dashibodi juani hujipinda na kukwama. Ya karatasi inafaa kujifunzia tu. Kabla ya kulipa, linganisha nyuzi 15 na kimo sifuri: mshale uwe kwenye sifuri. Linganisha 3 na 6,000: uwe kwenye 6,000. Ukipotoka, irudishe.