Nati za gurudumu: wili spana au mashine ya betri?

Kwa kufungua, sina shaka: mashine ya betri. Nati iliyoshikwa na kutu, ambayo kwa wili spana ungeikanyaga kwa mguu kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret huku malori yakikupita, mashine huigonga mfululizo mpaka iachie. Ivalishe soketi (kikombe cha chuma kinachoshika nati) nyeusi iliyotengenezwa kuhimili mapigo. Ile ya kawaida inayong'aa inaweza kupasuka na kukurushia vipande. Miwani ya kinga uvae kila mara, na betri itoe kabla ya kubadilisha soketi.

Kufunga ni habari nyingine kabisa. Toyota nyingi ndogo hutaka takriban Nm 103 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Mashine yenye nguvu hupita hapo kwa sekunde chache, boliti ikavutika au kukatika. Halafu mteja anapata pancha usiku Timboroa, na nati hazifunguki kwa mkono. Mafundi wenzangu, nawasihi: anzeni nati kwa vidole, zikazeni kwa kukabiliana, yaani moja kisha ile iliyo mkabala nayo, kisha mmalizie kwa spana ya mkono, hasa ile inayopima nguvu.

Wili spana ibaki kwenye buti. Haihitaji chaji.