Baiskeli Kuukuu: Niitengeneze au Ninunue Mpya? Rula Imeniumbua

Kabla hata sijasalimia mtu, iangalieni hii. Keria imejaa kutu, siti imechanika, na ikitembea inalia kama mlango wa ghala. Hii ya pembeni ni mpya, nimeazimwa siku nne niichambue, inang'aa mpaka kamera inapata taabu. Nilikuja na jibu langu mfukoni: kuukuu iende kwenye vyuma chakavu, mpya nikainunue yangu. Subirini.

Haya, salamu sasa. Hamjambo, karibuni. Video iliyopita sauti ilikwaruza, mmenisema mpaka nikaona haya. Maikrofoni nimebadilisha. Kama mnanisikia vizuri, niandikieni hapo chini.

Sifa za hii mpya siwasomei. Giya 21, breki za diski, foki ya springi, mmeshaziona kwenye kila tangazo. Nataka mtazame foki tu, huu uma unaoshika gurudumu la mbele. Naikandamiza hivi... imeshuka. Naachia... tah! Mmeisikia? Ndani kuna springi, basi, hakuna kitu cha kuituliza isirudi kwa kishindo. Ukipanda kilima umesimama kwenye pedali, sehemu ya nguvu zako inaishia kuichezesha hiyo springi. Na uzito wake unaubeba wewe kila siku. Kwa bei ya chini, mimi ningechukua foki ngumu ya kawaida, fedha iliyobaki watengenezaji wangeiweka kwenye magurudumu. Wenzangu wanaochambua baiskeli hizi wanaisifia foki hii bila kuikandamiza hata mara moja, sijui wanaogopa nini.

Sasa turudi kwa bibi yetu, baiskeli kuukuu. Malalamiko yangu makubwa ni kwamba nikikanyaga kwa nguvu, cheni inaruka. Nilidhani ndiyo kifo chenyewe. Leteni kamera karibu, hapa ndipo penyewe.

Nina rula ya inchi, ya kawaida kabisa. Pini za cheni ya baiskeli zimepishana nusu inchi, kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Mkono mmoja unakandamiza pedali ili cheni ikazike, isilegee. Sifuri ya rula naiweka katikati ya pini hii. Isiwe pembeni, katikati! Nahesabu mpaka ya mwisho. Kama cheni ni nzima, alama ya 12 inaangukia katikati ya pini. Pini ikipita alama hiyo kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni peke yake, utakuwa umeokoa meno ya friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma. Ikifika 1/8, meno nayo yameshaliwa. Yangu... sogeza kidogo, kivuli... imepita 1/8. Imepita kabisa! Ngoja nirudie, pengine mkono umetetemeka. Naanza pini nyingine. Jibu lile lile.

Watu husema cheni imevutika. Chuma hakijavutika. Kila pini imekula tundu lake kidogo kidogo, na ukijumlisha pini zote ndio urefu huo. Cheni ndefu inakaa vibaya kwenye meno, nayo yanachongoka yanaelekea upande mmoja kama msumeno. Tazameni friwili yangu, si msumeno huu? Nikiweka cheni mpya juu ya meno haya, itaruka vile vile, halafu nitamlaumu fundi bure. Vinakwenda pamoja, cheni na friwili.

Basi ugonjwa wenyewe ndio huo tu? Nilitaka niseme ndiyo, ila kuna rimu ya nyuma. Pitisheni kidole pale breki inaposhika. Pameingia ndani, pana bonde. Rimu iliyoliwa hivyo siku moja hupasuka ukiwa mwendo kasi, kwa hiyo hii inatoka, sibishani. Ile ya mbele ni chuma cha kung'aa, na ikilowa breki zinateleza tu. Hapo naivulia kofia hii mpya, breki zake za diski kwenye mvua zinashika. Nitaweka rimu za alumini zote mbili, angalau nipunguze aibu.

Fremu ndiyo ingenifanya niachane nayo. Nimeipindua jana, maji ya kutu yakatoka kwenye bomba la siti, moyo ukadunda. Nikapiga tochi, nikagonga chini kwenye klanki, pale pedali zinapozungukia, nikakagua rangi nyuma ya usukani kama imekunjamana, maana huko ndiko ajali huacha alama. Hakuna ufa. Na hii ni chuma, hata ikipata ufa mdogo fundi mzuri anachomelea. Alumini ikipasuka msiidanganye kwa kuchomelea kienyeji, joto huiondolea nguvu yake.

Wale wa "mpya tu, mpya tu" kwenye maoni, nawasoma. Nimejumlisha cheni, friwili, rimu mbili, gololi za klanki na ufundi, bado sijafika nusu ya bei ya hii mpya. Ingezidi nusu ningekuna kichwa. Fremu ingekuwa na ufa, ningenunua bila kuuliza.

Ukienda kununua tairi, achana na "inchi 26", zipo za aina kadhaa na hazivaliani. Soma namba ndogo ubavuni: ikiisha na 559 ni nyingine, ikiisha na 590 ni nyingine. Mimi nilinunua kosa mara mbili, nikanyamaza.

Hii mpya inarudi kwa mwenyewe kesho. Iliyobaki ni nguzo ya siti, imeganda ndani ya bomba lake. Nimemwagia mafuta tangu jana usiku. Nishikilieni fremu hapo... moja, mbili... Haitoki. Mafuta zaidi, kesho tunajaribu tena.