Uzoefu wangu na programu ya baada ya shule hapa Louisville: niliyepewa alikuwa binti "asiyeongea"

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke nayo: programu ni nzuri, naipa nyota nne, ya tano nimeinyima makusudi na sababu nitazisema. Mimi sio mzazi, ni mtu wa kujitolea tu, Mtanzania niliyekuwa natafuta kitu cha maana cha kufanya jioni, na kwa vile huku Kentucky Wakongo wanaoongea Kiswahili wapo wengi nikaona wacha niende nikasaidie. Kuingia sio mchezo, wanachunguza rekodi zako za polisi, unajaza fomu mpaka mkono unauma, afu unapewa mtoto mmoja wa kukaa naye kuanzia wakitoka darasani mpaka saa kumi na mbili jioni. Hilo la mtoto mmoja nililipenda sana.

Wangu alikuwa binti wa darasa la tatu, kazaliwa Nyarugusu kule Kasulu, ile kambi waliyofunguliwa wakimbizi wa Kongo mwaka 1996, kwa hiyo hiyo Kongo yenyewe hajawahi hata kuikanyaga. Nyumbani bibi anaongea Kibembe, mama Kiswahili, shuleni Kiingereza. Nilivyokabidhiwa nikaambiwa huyu haongei. Haongei wapi, akikaa kona na mdogo wake anaongea kama chiriku! Akija mtu mzima tu, kimya, anaangalia viatu.

Mratibu wa pale, na hapa nampa sifa zake, aliniambia wiki za mwanzo nisimuulize swali lolote linalotaka jibu. Watoto wengi wakiingia kwenye lugha mpya wanapita kipindi cha ukimya, wanasikiliza tu, inaweza kuwa wiki inaweza kuwa miezi, na wanaelewa kuliko tunavyodhani. Kwa hiyo mimi nakata karatasi nasema nakata karatasi, nachora mbuzi nasema huyu mbuzi kavimba tumbo, yeye anacheka chini chini, basi siku imeisha. (Ila mtoto akinyamaza shuleni hata kwa watu wa lugha yake na miezi inapita, hapo sio kusubiri tena, omba aonwe na mtaalamu.)

Kilichomfungua ni mdako. Kuna siku tupo nje akaokota vijiwe, akachora duara kwa chaki kwenye saruji, akaanza kurusha kete juu anachota vya ndani anadaka kabla haijaanguka, watoto wengine wakasogea, mmoja akavuruga sheria, na huyu bibie ninayeambiwa haongei akamshika mkono akamwambia kwa Kiingereza kabisa kwamba sio hivyo, moja moja kwanza, rudia. Mimi nimekaa pembeni najifanya sioni. Kesho yake wakakataza mawe ndani ya ukumbi, eti usalama, tukahamia vifuniko vya chupa.

Baada ya hapo kazi ikawa nyepesi. Nilikuwa nachukua hadithi kwenye tovuti ya African Storybook, ni bure na hadithi nyingi zina Kiswahili na Kiingereza zote, tunasoma kwa Kiswahili kwanza afu yeye anamsimulia mwenzake kwa Kiingereza akifuata picha. Mwanzoni aligoma, "sitaki, banacheka", nikamwachia mdogo wake awe msikilizaji, akakubali.

Sasa ile nyota. Kwanza kompyuta, kuna siku watoto wanavalishwa hedifoni wanabonyeza bonyeza programu ya kusoma mpaka jioni, mtoto mwenye aibu ndio umemmaliza kabisa hapo, anapata pa kujificha. Pili walezi, yaani sisi wa kujitolea, wanabadilishwa muhula ukiisha, nilipigana nibaki na wangu. Tatu, na hii iliniudhi, mfanyakazi mmoja alimwambia mama wa binti waache Kiswahili nyumbani waongee Kiingereza, na aliyekuwa anatafsiri ni huyo huyo mtoto! Mama akanigeukia, "mwalimu, na bibi yake nitamfanya nini?" Nikamwambia mama, usiache, mpe maneno yote unayo, atayavusha mwenyewe. Na mkalimani ni haki yenu: shule au programu inayopokea pesa za serikali kuu ya Marekani inabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, bure, sio kumsimamisha mtoto katikati ya watu wazima.

Kitu kingine wazazi hawakijui, kila mwaka hawa watoto wanaojifunza Kiingereza wanafanya mtihani wa Kiingereza shuleni unaitwa ACCESS, unapima kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika kila kimoja peke yake. Dai ile karatasi ya matokeo. Ya binti ilionyesha kusikiliza kuko juu na kuongea chini kabisa, na mama alivyoeleweshwa akaacha kumfokea kwamba hasomi.

Kwa hiyo ukiwa unaandikisha, uliza mtoto atakaa na nani na kama huyo mtu atakuwepo mpaka mwisho wa mwaka, uliza muda wa kompyuta ni kiasi gani. Na ulizia mapema basi la kurudi nyumbani, Disemba giza linaingia kabla hawajatoka na la kwetu dereva hasubiri mtu.