Talaka au Kutengana: Njia Mbili Chini ya Sheria ya Ndoa Tanzania

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mwanandoa ambaye ndoa yake imevunjika kuomba mahakamani amri ya kutengana au talaka, lakini talaka haitolewi mpaka mahakama iridhike kwamba ndoa hiyo haiwezi kurekebishika tena.

Talaka ina masharti mazito zaidi. Isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria, mwombaji lazima kwanza apeleke shauri lake kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa na kupata hati inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana, na maombi yaliyofika bila hati hiyo hukwama mapema, hata kama madai yenyewe ni ya kweli. Aidha, ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kibali cha mahakama.

Amri ya kutengana huondoa wajibu wa kuishi pamoja, ila ndoa hubaki, na mke hawezi kuolewa na mwingine.

Wengi hudhani kwamba mali hugawanywa kwenye talaka pekee. Sivyo: kifungu cha 114 kinahusu amri zote mbili, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kazi za nyumbani nazo huhesabiwa kuwa mchango katika kupatikana kwa mali hizo. Kwa maoni yangu, kutengana kunamfaa anayehitaji usalama sasa lakini hajakata shauri kuivunja ndoa. Anayetaka kuolewa au kuoa upya aombe talaka.