Kingamwili ya FDC-SP: kwenye slaidi safi, kwenye bloti vichekesho

Nilinunua mikrolita 100 za kingamwili ya sungura (protini inayonasa shabaha yake) dhidi ya FDC-SP, ile protini ndogo inayotolewa na seli za dendriti za folikeli, yaani seli za kinga zilizo ndani ya vishada vya duara (folikeli) kwenye mafindofindo na tezi za limfu. Dawa yenyewe haijazi hata kijiko cha chai, lakini bei yake ni kodi yangu ya miezi miwili.

Ilifika Dar es Salaam siku ya tisa, nne kati ya hizo imelala uwanja wa ndege. Barafu kavu ilishakwisha, boksi lina ubaridi wa kusingizia. Nikaigawa papo hapo kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, nikavitia kwenye friza ya nyuzi -20. Kugandisha na kuyeyusha kila mara huiua haraka.

Slaidi zimenifurahisha mno. Vipande vyembamba vya mafindofindo vilivyohifadhiwa kwenye nta nilivichemsha na bafa ya sitreti ya pH 6 ndani ya presha kuka. Kipimo cha kuzimulia walichopendekeza wauzaji, 1:50, kiligeuza kila kitu kahawia (rangi inayoonyesha kingamwili iliponasa), nikaizimua zaidi hadi 1:300. Loo! Kahawia ikatandaa kama kimia katikati ya folikeli, na nyingine kwenye vijishimo vya mafindofindo. Kipande cha jirani nilikipaka CD21, alama ya seli hizo hizo, kimia kikakaa palepale. Kile cha ulinganisho, nilichokipaka IgG (kingamwili ya kawaida) ya sungura asiyechanjwa, kilibaki bluu tupu, rangi ya usuli.

Bloti sasa, yaani kutenganisha protini kwa ukubwa na kuzihamishia kwenye utando ili kingamwili izitafute. Protini hii ikishatolewa nje ya seli ina amino asidi 68 tu, kama kilodaltoni 8. Utando wa mikromita 0.45 inaupita kama dagaa kwenye jarife. Nikaweka wa 0.2, bado hola: mstari mnene kwenye kilodaltoni 50 tu, nadhani ni IgG ya tishu yenyewe. Picha ya tangazo la wauzaji ina mstari mmoja mzuri, ila soma maandishi madogo: ni protini ya kutengenezwa maabara, si ya tishu, tena imepakiwa tele. Nilipolalamika, wakaniambia nijaribu tena.

Kwa slaidi, nunua, ila uliza kwanza namba ya bechi. Hii ni polikloni, mchanganyiko wa kingamwili nyingi kutoka damu ya sungura. Sungura akibadilika, nayo inabadilika. Nimeomba waniwekee vichupa viwili vya bechi yangu, wiki ya tatu hii kimya. Iliyobaki inatosha slaidi kumi na moja.